Siku mbili Luxor: nianzie wapi?

Swali: Nitakuwa Luxor, Misri, kwa siku mbili tu. Nianzie ng'ambo ipi ya Mto Nile?

Jibu: Magharibi, asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Huko ndiko kwenye Bonde la Wafalme na kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922. Ila muda wako mwingi upe hekalu la Hatshepsut, malkia aliyetawala kama farao. Ukutani imechongwa safari ya merikebu zake hadi nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka upande wa Pembe ya Afrika, zikipakia miti ya ubani. Mwafrika Mashariki asipite hapo mbiombio! Vuka kwa feri wanayopanda wenyeji. Mahekalu ya Karnak, ng'ambo ya mashariki, yawe ya siku ya pili. Hekalu la Luxor litazame usiku, taa zikiwaka.