Uso Haukosi, Kipimo Ndicho Hukosa: Somo la Picha za Harusi Bustanini

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari la harusi ni albamu. Waama, keki huliwa ikaisha, gauni hurudishwa lilikokodishwa, na magari yaliyofungwa riboni hurejea kwa wenyewe. Kinachobaki ni picha.

Kila Jumamosi isiyo na masomo huwa namsaidia mjomba wangu kubeba mikoba ya kamera. Nimeona basi mwaka huu niwape somo dogo kuhusu kazi hiyo. Nitazungumzia picha za harusi zinazopigwa katika bustani ya miti, na hasa sababu inayofanya nyuso za maharusi wengine kutoka nyeusi tititi ilhali siku yenyewe ilikuwa ya jua.

BUSTANI YENYEWE

Hapa Nairobi maharusi wengi hupenda kwenda Nairobi Arboretum, ile bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu. Bustani hii ilianzishwa mwaka wa 1907. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka wa 1899, na injini za mvuke zilihitaji kuni nyingi. Serikali ya kikoloni ikataka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi hapa kwetu. Mwaka wa 1932 mahali hapo palitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi. Ukubwa wake ni hekta 30 hivi, na ina aina zaidi ya 300 za miti, ya kienyeji na ya kutoka nchi za mbali.

Kwa hivyo miti iliyojaribiwa kwa sababu ya kuni leo imekuwa pazia la maharusi! Lakini pazia hili lina mitego mitatu. Asiyeijua atalipwa pesa za watu na kuwapa majuto.

MTEGO WA KWANZA: JUA NA MABAKA

Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa digrii moja na kidogo tu. Ndiyo maana katika mwezi wa Machi na wa Septemba jua la adhuhuri hutusimamia utosini kabisa. Sasa fikiria ratiba ya harusi. Ibada huisha saa sita au saa saba, msafara ukaingia bustanini jua likiwa bado kali. Ukiwasimamisha maharusi uwanjani saa hiyo, paji la uso hutia kivuli machoni, na macho huonekana kama mashimo mawili.

Wengi wakishaona hivyo hukimbilia chini ya mti wowote ule. Huko nako hukutana na mabaka ya mwanga, moja shavuni, jingine kifuani, jingine kwenye shela. Je, umewahi kujiuliza kwa nini mengi ya mabaka hayo ni ya mviringo ilhali nafasi kati ya majani hazina umbo maalum? Kumbuka somo la fizikia la Kidato cha Kwanza kuhusu kamera ya tundu. Kila nafasi ndogo kati ya majani ni tundu, na kila baka la mviringo ardhini ni picha ya jua. Ndiyo sababu jua linapopatwa mabaka hayo hugeuka kuwa hilali, kama ilivyowezekana kuonekana hapa Kenya tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipopatwa. Mti wenyewe ni kamera basi, tena kamera isiyoomba ruhusa kumchora bibi harusi jua usoni.

Dawa yake ni ukingo wa kivuli. Tafuta mti wenye majani mazito, uwasimamishe maharusi hatua moja au mbili ndani ya kivuli, miti ikiwa nyuma yao na nyuso zikitazama nje kwenye anga wazi. Hapo mwanga utawajia taratibu kutoka mbele, wala hawatakunja macho.

MTEGO WA PILI: RANGI YA MAJANI

Biolojia inatufundisha kwamba klorofili hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa samawati, na mwingi wa kijani hurudishwa au hupenya. Kwa hivyo ukimsimamisha mtu juu ya nyasi, chini ya matawi yaliyoinama, anapakwa ukijani kutoka juu na kutoka chini. Gauni jeupe ndilo litakaloshtaki kwanza, maana weupe hauwezi kuficha rangi ya jirani.

Mjomba hubeba ubao mwepesi mweupe wa kadiri ya meta moja. Kazi yangu ni kuushika karibu na kifua cha bibi harusi, nje ya picha, ili uurudishe mwanga safi usoni. Kama huna ubao, shuka nyeupe iliyonyoshwa itatosha. Leso ya maua mekundu usiitumie, jamani, itamfanya mtu aonekane ana homa.

MTEGO WA TATU: KIPIMO

Huu ndio mkubwa, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kamera haijui gauni wala uso. Inajua mwanga tu. Kipimo chake kimetengenezwa kikidhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya pamoja, vitakuwa na wastani wa kijivu, yaani kitu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Gauni jeupe likijaa kwenye picha, kamera husema, "Lo! Mwanga umezidi," ikapunguza. Gauni linatoka vizuri, lakini uso wa mtu mweusi unazama gizani. Kinyume chake, maharusi wakisimama mbali na msitu wenye giza ukajaa nyuma yao, kamera husema mwanga haukutosha, ikaongeza. Hapo gauni huwa kama karatasi tupu, lesi yote imepotea.

Mwaka jana binamu yangu aliolewa, picha zikapigwa katika bustani. Mpigapicha aliyekodiwa sitamtaja. Picha zilipoletwa, kila ua la lesi lilihesabika, ila uso wa bibi harusi ulikuwa kama kivuli chenye meno. Nyanya aliichukua ile kubwa, akaisogeza dirishani, akauliza, "Sasa huyu ni nani?" Mpigapicha alipoulizwa akajibu bila haya, "Si mnaona vile huyu dada ni mweusi? Angepaka poda zaidi." Binamu yangu hakusema neno. Albamu hiyo mpaka leo iko chini ya sanduku, na wageni wakija haitolewi.

Wasomaji wapenzi, maneno kama hayo si kweli, na yanaumiza. Ngozi haikukosa chochote. Aliyekosa ni yule aliyekiachia kipimo kiamue.

Historia nayo ina shahidi. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu. Mafundi waliiita "Shirley", na ngozi yake ndiyo iliyotumiwa kupimia rangi za picha za watu wote. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu. Miaka ya 1970 watengenezaji wa chokoleti na wa samani walilalamika kwamba rangi zao za kahawia hazikutokea sawasawa kwenye matangazo, na filamu zikaanza kuboreshwa. Katika miaka ya 1990 zilitolewa kadi zenye sura za watu wa rangi mbalimbali. Hebu fikiri: kabati na chokoleti zilisikizwa mapema kuliko nyuso zetu!

Siku hizi wengi hutumia kamera za dijitali na simu, lakini ile tabia ya kutafuta kijivu bado ipo. Fanya hivi:

1. Pima nyasi. Nyasi mbichi za kijani hukaribia kile kijivu cha kamera. Elekeza kamera kwenye nyasi zilizo katika mwanga uleule walimosimama maharusi, funga kipimo hicho, kisha ndipo uelekeze kwa maharusi. Bustani yenyewe imekupa rula bila malipo.

2. Ukitumia kitufe chenye alama za + na −, gauni likijaa kwenye picha ongeza, msitu wenye giza ukijaa punguza. Anza na 1, utazame, urekebishe.

3. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo, usiguse gauni. Katika simu nyingi utaweza kutelezesha kidole juu au chini ili kuongeza au kupunguza mwanga.

4. Ikiwa mmoja wa maharusi ni mweusi zaidi ya mwenzake, msimamishe yeye upande unaotoka mwanga. Usimwambie sababu mbele ya watu. Mwambie tu, "Dada, sogea hapa kidogo."

5. Kuza picha ya kwanza utazame macho na lesi. Vyote viwili vikionekana, endelea. Kimoja kikikosekana, rudia palepale, maana harusi haina marudio.

ADABU YA BUSTANI

Uliza langoni kuhusu ada na kibali kabla ya siku yenyewe, msije mkabishana na askari bibi harusi akingoja garini. Maua yaliyo mtini yaacheni mtini. Na chakula kifunikeni, kwa kuwa tumbili na kima wa pale hawahitaji kadi ya mwaliko.

JARIBIO

Mnaotaka kuhakikisha, chukueni karatasi kubwa nyeupe wakati wa mapumziko. Mwenzako asimame kwenye kivuli cha mti wa shule ameishika kifuani kama gauni. Mpige picha mara tatu kwa simu ya mzazi au ya mwalimu. Ya kwanza gusa karatasi, ya pili gusa uso, ya tatu gusa nyasi zilizo miguuni pake. Zipangeni picha hizo tatu pamoja mzitazame. Mtu ni yuleyule, mti ni uleule na saa ni ileile. Kilichobadilika ni mahali ulipopimia.

Basi siku mtu akikuambia kwamba ngozi yako haipigiki picha, usimkasirikie wala usikimbilie poda. Mwonyeshe nyasi, umwambie aanze kupima hapo. Kwa hayo machache natua kalamu. Kiswahili kitukuzwe!

Mwanachama, Kidato cha 3