Chura aliyekatwa na jembe: namna ya kumtunza mpaka mvua



Mwezi wa saba, wakati tunachimba mifereji ya bustani za mboga kando ya Lufira, hapa Koni, jembe linatoa vyura udongoni. Wamejichimbia humo wakingoja mvua. Yule asiyeumia mrudishe palepale, umfunike na udongo wenye ubaridi. Hana haja na nyumba yako. Somo hili ni la yule aliyekatwa, ao aliyetolewa kisimani amelegea.

Mshike na mikono yenye maji. Osha kidonda na maji safi tu. Sabuni hapana, pombe hapana, chumvi hapana: ngozi ya chura inanyonya kila kitu, na maji yake ya kunywa yanapita humo humo. Kwa hiyo chukua beseni kubwa, tia udongo wenye unyevu na majani makavu, weka kipande cha chungu cha kujifichia na kisahani cha maji yasiyopita tumbo lake. Funika na kipande cha chandarua, weka kivulini. Maji ubadilishe kila siku.

Chakula ndicho kinatushinda wengi. Watoto wanamletea bukari ao kapenta, naye anakaa tu, anaangalia. Chura hali kitu kisichotembea. Mpe mende, panzi, mchwa, minyoo ya udongo, vyote vikiwa hai, na kisipite upana wa katikati ya macho yake. Wadudu wanne ao watano, kila siku mbili ao tatu, jioni. Baridi ikikaza atakula kidogo, usimlazimishe.

Lakini uliza kwanza: mdudu huyu ametoka wapi? Chura wa kwanza tuliyemtunza sisi wenyewe alikufa. Tulimlisha viwavi vinono tulivyookota katika mahindi yaliyopigwa dawa siku mbili mbele. Maagronomu wazima! Tangu siku ile tunafikiri juu ya wale wanaokula viwavi hivyo shambani usiku, bila mtu kuwaona wakifa. Na ndio tunaowahitaji: viwavi vinavyokata shina la kabichi vinatoka usiku, kuku wamelala, chura iko kazini.

Mwaka 1922 watu walimpeleka chura wa aina tuliyo nayo Katanga mpaka kisiwa cha Morisi, ili ale wadudu wa miwa. Alizaa akajaa kisiwa, akala hata wadudu wasio na kosa. Basi usimhamishe mbali na alikotoka.

Kuna na maneno ya majirani. “Balikutumia ile chula, itupe!” Tumeyasikia. Usimfiche chumbani, beseni likae wazi mbele ya nyumba, mweleze kila anayeuliza, na mwonyeshe kidonda. Chura haleti vipele vya mkono. Sumu anayo, ndiyo, nyuma ya macho: nawa mikono kila ukimshika, na mbwa asimkaribie.

Kidonda kikifunga na mvua za mwezi wa kumi zikianza, mrudishe jioni bustanini alipotoka, karibu na majani mengi. Na kama ulipanga kupiga dawa kipande kile wiki hiyo, ngoja kwanza. Okota viwavi na mkono.