Mistari sambamba ikiakisiwa

Swali: Mwalimu, nikiakisi mistari miwili sambamba kwenye mhimili wa x, mteremko si unabadilika? Itabakije sambamba?

Jibu: Unabadilika kweli, lakini kwa yote miwili. Chukua y = 2x + 1 na y = 2x − 3. Taswira zake ni y = −2x − 1 na y = −2x + 3. Mteremko wa 2 umekuwa −2 kwa kila mmoja, na umbali kati yao ni uleule. Mhimili wa y nao hugeuza alama ya mteremko, ila 1 na −3 haziguswi.

Wengi hukosea kwa kuakisi mstari mmoja tu. Hapo usambamba huvunjika: y = −2x − 1 hukutana na y = 2x − 3 kwenye (0.5, −2). Chora uone.