RAMADHANI, SIKU YA 12: SEMA AU KULA?



Jana baada ya tarawehe mzee wetu mmoja alikataa kusoma. "Ustadhi, niache tu. Ulimi wangu mzito, vijana wananicheka." Imeniuma. Basi darsa la leo ni la sauti.

Suratul Ikhlas inaanza na neno "qul", yaani "sema". Ukitamka "kul", umesema "kula"! Sauti moja tu imebadilika, na maana yote imehama. Sauti ya namna hiyo wataalamu wa lugha wanaiita fonimu. Hata Kiswahili kinazo: kura siyo kula, pata siyo bata.

Ila kila lugha ina hesabu yake. Kiarabu kinatenganisha qaf na kaf, Kiswahili hakitenganishi. "Qalam" tumeipokea ikawa kalamu, na hata ukiitoa k yake kooni, ni kalamu ileile. Kwa upande wa pili, Kiarabu fasaha hakina p. Mwarabu anayejifunza Kiswahili anaweza kukwambia "nimebata samaki". Je, ni mjinga? Hapana, sikio na ulimi wake havijazoea. Mzee wetu naye ni hivyohivyo.

Tena jueni: Sibawayhi, aliyeeleza mahali inapotokea kila herufi ya Kiarabu huko karne ya 8, alikuwa Muajemi. Kiarabu hakikuwa lugha ya wazee wake.

Hata hivyo tusibweteke. Kubadili herufi ni lahn jaliy, kosa la wazi, na lazima tujitahidi kulirekebisha.

✅ Zoezi la leo: Sema "ak", sikia ulimi unapogusa. Sasa sema "aq": shina la ulimi lirudi nyuma zaidi, karibu na kidakatonge. Halafu "kul", "qul". Rudia mara kumi kabla ya futari.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayeisoma Qur'ani kwa taabu, huku inamwia ngumu, ana ujira mara mbili. Sasa wewe kijana unamcheka mwenye ujira mara mbili? Kaa naye, mtamkie polepole, naye akufuatishe.

Na wewe mzee wangu, leo usiku nafasi yako ipo palepale. Utaanza wewe, na "qul" tutaisema wote.

Ramadhani karim. 🌙