Jinsi ya Kupata Wenzako Wasiokula Gluteni

Daktari amekwambia una ugonjwa wa siliaki. Ngano, shayiri na rai, nafaka zenye gluteni, basi tena, maisha yako yote. Chakula utakizoea. Kinachochosha ni kuwa peke yako: kueleza upya kila harusi, kila msiba, kila ugeni, kwa nini huli chapati. Unahitaji watu ambao hawasubiri maelezo. Wapo, na unaweza kuanza kuwatafuta wiki hii.

Afrika Mashariki usitarajie kukuta kibao cha chama mlangoni. Wenye siliaki wametawanyika, na wengi hawajapimwa. Lenga kumpata mtu mmoja tu kwanza.

Rudi kliniki ulikopimwa. Daktari wa tumbo na mtaalamu wa lishe wanawajua wagonjwa wengine, ila hawaruhusiwi kukupa majina yao. Basi geuza ombi. Andika kwenye karatasi: "Nina siliaki, naishi Tabata, niko tayari kuzungumza na mwenzangu," na namba yako ya simu. Mwombe mtaalamu wa lishe ampe mgonjwa wa siliaki atakayefuata. Acha karatasi kama hizo hospitali zaidi ya moja. Kwa Dar es Salaam anza na Muhimbili na Aga Khan; kwa Nairobi, Kenyatta na Aga Khan. Ukiwa mkoani Tanzania, nenda kwa afisa lishe wa halmashauri yako. Huenda hajawahi kukutana na siliaki, lakini akikutana nayo atakukumbuka wewe.

Pita na kliniki ya kisukari, hasa siku ya watoto. Siliaki huwapata mara nyingi zaidi watu wenye kisukari cha aina ya kwanza. Wazazi wa watoto hao huwa wameshajuana, wanasoma vibandiko vya vyakula, na wanajua kumfungia mtoto chakula cha shule. Hata asiye na siliaki miongoni mwao anaweza kukufundisha mengi.

Usisahau nyumbani. Kwa mzazi, mtoto, kaka au dada wa mwenye siliaki, takriban mmoja kati ya kumi huwa nayo pia. Washauri wapime damu, na uwaambie wasiache ngano kabla ya kipimo. Mtu akiacha gluteni mapema, majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.

Kisha ufuate unga. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu mwenye siliaki anaweza kukosa kliniki mwaka mzima, lakini unga lazima anunue. Nenda kwa muuza unga wa mchele, muhogo, mtama au dengu. Muulize hivi: "Mama, kuna mteja mwingine anayekuuliza kama unga huu umechanganyika na ngano?" Anayeuliza swali hilo ndiye mtu wako. Mwachie mama namba. Fanya hivyo kwenye maduka ya vyakula vya afya, na Nairobi pita maduka ya Wahindi ya Parklands na Ngara. Kaskazini mwa India, ambako ngano ni chakula cha kila siku, siliaki inafahamika vizuri, na unga wa dengu na wa uwele hautawashangaza wauzaji.

Zungumza pia na mwenye mashine ya kusaga. Mashine iliyosaga ngano asubuhi itakuharibia mtama wako mchana. Mwenye mashine asiyepokea ngano kabisa ni hazina, na wateja wake ni wa kuwajua.

Mtandaoni usikae sana. Tafuta Facebook kwa jina la mji wako, na ujaribu tahajia zote mbili, celiac na coeliac. Taja mtaa wako kwenye ujumbe wa kwanza, maana unatafuta mtu wa kukutana naye.

Ukiwa ughaibuni, kazi ni nyepesi. Uingereza kuna Coeliac UK, iliyoanzishwa 1968. Canada kuna Celiac Canada, na Marekani kuna Gluten Intolerance Group. Waulize kama wana kikundi karibu na mji wako. Tarehe 16 Mei ni siku ya kimataifa ya siliaki, na vikundi vingi huandaa shughuli mwezi huo. Nenda, kisha uulize kama kuna mwingine anayepika ugali.

Ukipata kikundi, kikague kabla ya kukizoea. Kiongozi akiuza dawa ya kuponya siliaki, ondoka. Dawa hiyo haipo. Tiba ni kuacha gluteni kabisa. Wakikwambia "kidogo hakidhuru", ondoka pia. Chakula kinachouzwa kama kisicho na gluteni, kwa kipimo cha kimataifa, hakipaswi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Hapo hata makombo ya chapati yana hesabu.

Hujapata kikundi? Mkiwa wawili mnatosha kuanza. Anzeni na unga, maneno yatakuja yenyewe. Changeni hela kwa simu, nunueni gunia la mchele au mtama, mkodi mashine asubuhi kabla haijapokea kazi nyingine. Isafishwe kwanza, na kilo za mwanzo zitakazotoka wapeni kuku. Mtu mmoja hawezi kumshawishi mwenye mashine asimamishe kazi kwa kilo mbili. Gunia zima litamshawishi.

Mkutano wa kwanza uwe wa kula. Vitumbua, mkate wa kumimina, muhogo wa nazi, samaki wa kupaka: pwani imejaa vyakula visivyohitaji ngano. Wekeni sharti moja. Kila mpishi aje na orodha ya alivyotia, pamoja na pakiti za viungo, kwa kuwa wapo wanaochanganya unga wa ngano kwenye vitumbua, na baadhi ya viungo vya mchuzi vya pakiti vina ngano ndani. Mafuta yawe mapya. Yaliyokaanga sambusa hayafai, hata yakichujwa.

Kabla ya kuagana, fungueni kundi la WhatsApp na mpeane kazi tatu: mmoja afuatilie unga, mmoja akusanye majina ya migahawa inayokubali kupika kando, mmoja awapokee wapya. Kazi hiyo ya mwisho mpeni mtu mpole. Mgeni atakayepiga simu wiki hiyo huenda ametoka kupewa majibu yake jana, na swali lake la kwanza litakuwa dogo sana: kesho asubuhi anywe chai na nini?