Taa Inayozimika Bila Kuaga: Kuchagua Tochi ya Kichwani kwa Wachimbaji Wadogo wa Geita na Shinyanga

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu ya malalamiko. Yamekuwa mengi na karibu yote yanafanana: tochi ya kichwani imechajiwa usiku kucha, imewaka vizuri asubuhi, kisha katikati ya zamu, mtu akiwa chini ya duara, imekata ghafla. Wengine wamemlaumu muuzaji, wengine kiwanda, wengine msimamizi. Sisi tunasema lipo jambo moja ambalo wachimbaji wengi hawajaelezwa, na tutalirudia humu mpaka liwachoshe, maana lisipojulikana mengine yote hayana faida.

Tochi ya kuchaji haizimiki kama tochi ya zamani.

Wazee waliochimba Rwamgasa na Nyarugusu kwa tochi za betri za National wanakumbuka jinsi mwanga ulivyokuwa ukibadilika. Betri ikianza kuchoka, mwanga hugeuka wa njano, hufifia kidogo kidogo, na mtu hupata muda wa kukusanya zana zake na kupanda. Tochi nyingi za sasa zina betri ya lithiamu na saketi ndogo inayoushikilia mwanga ubaki uleule mpaka chaji inapokaribia kwisha kabisa. Ikifika hapo, saketi hukata umeme ili betri isiharibike. Inailinda betri, haikulindi wewe. Zipo tochi zinazopepesa au kushusha mwanga kabla ya kukata, lakini si zote, na kama onyo ni kitaa kinachowaka juu ya paji la uso wako mwenyewe, ukiwa umeinama kwenye mwamba huwezi kukiona.

Kwa hiyo agizo letu kuu ni moja: usishuke duarani na taa moja. Kila anayeshuka awe na mbili, zake mwenyewe, mwilini mwake. Taa ya mwenzako si taa yako ya pili, kwa sababu mwenzako anaweza kuwa upande wa pili wa kifusi. Simu nayo si taa ya pili. Inahitaji mkono, na kwenye ngazi au kamba mikono yote miwili ina kazi. Tena simu hiyohiyo umeisikilizia muziki tangu asubuhi. Taa ya pili iwe ndogo, nyepesi, imefungwa kwa kamba ndani ya mfuko unaofunga, na isiguswe kwa kazi ya kila siku. Kazi yake ni kukutoa nje, basi. Ya kwanza ikikata, unawasha ya pili na unapanda. Hubaki kumalizia mfuko.

Tunajua mnavyosema: taa mbili ni gharama. Tunajua pia kwamba wengi mnalipwa kwa mgao wa mifuko na siku nyingine mfuko hautoi kitu. Bado hatulegezi. Kama fedha inatosha tochi moja tu ya bei kubwa, nunua mbili za bei ya wastani zilizopimwa.

Boksi linasema nini

Tochi nyingi zinazouzwa katika maduka ya Kahama, Geita mjini na Katoro zilibuniwa kwa ajili ya watu wanaokimbia milimani na kupiga kambi. Ndiyo maana boksi lina picha ya mtu anayekimbia kwenye theluji. Hakuna ubaya: ni nyepesi na zinakaa vizuri kichwani. Lakini mahitaji ya mkimbiaji huyo si yako. Waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro huondoka na wageni kambi ya mwisho karibu na usiku wa manane kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, na wanajua kwamba saa 12 asubuhi kutakucha. Tochi ikikata saa 11, mtu anakaa chini na kusubiri. Mita 60 chini ya ardhi ya Mgusu hakukuchi.

Basi usinunue kwa ukali wa mwanga. Lumeni 1,000 zilizoandikwa kwa herufi kubwa hudumu muda mfupi, na kwenye duara jembamba lenye vumbi mwanga mkali hukurudia machoni. Kwa kazi ya mikono, lumeni 100 hadi 200 zinatosha kabisa, pamoja na kiwango cha juu cha kukagulia matimba na paa kwa muda mfupi. Nunua kwa saa.

Na hapo kwenye saa ndipo mtego ulipo. Kiwango cha Marekani kinachotumiwa na watengenezaji wengi, kiitwacho ANSI FL1, kinahesabu muda wa kuwaka mpaka mwanga unaposhuka na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Boksi likisema saa 30, huenda saa nyingi kati ya hizo ni za mwanga usiotosha kuona ufa kwenye mti. Na mara nyingi saa hizo ni za kiwango cha chini kabisa, kile ambacho hutakitumia.

Kisha kuna uongo mtupu. Betri nyingi zinazotoka kwenye tochi hizi ni za aina ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Hata zile bora za ukubwa huo kwa kawaida huwa na uwezo wa karibu mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, rudisha. Muuzaji akikuambia ni teknolojia mpya, rudisha vilevile. Hesabu yenyewe ni nyepesi: betri ya mAh 3,000 katika tochi inayokula miliampia 1,000 itakupa saa 3; katika kiwango kinachokula miliampia 250, itakupa saa 12. Hakuna boksi linaloweza kuibadilisha hesabu hiyo.

Kuhusu maji, tafuta herufi IP. IPX4 huvumilia maji ya kurushiwa tu. IPX7 huvumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30, na hiyo ndiyo inayofaa duara lenye maji. IP67 huongeza kinga ya vumbi. Angalia pia kama mkanda unashika kwenye kofia ngumu bila kuteleza. Tochi inayovaliwa kichwa wazi ni sababu ya kuivua kofia, na hilo hatutalikubali.

Jaribio la sakafuni

Usiamini boksi, wala usiliamini hata neno letu. Pima. Chaji tochi ijae, iweke usiku kwenye sakafu ya saruji au udongo, iwashe katika kiwango unachotumia kazini, uandike saa uliyoiwasha. Kila baada ya saa moja jaribu kusoma kijitabu hiki kwa mwanga wake, ukikishika umbali wa mkono. Saa utakayoshindwa kusoma, au tochi itakapokata, ndiyo saa yake ya kweli. Iandike kwa rangi kwenye mkanda. Kama zamu yako ni saa 8, tochi isiyofika saa 12 haifai kuwa taa ya kwanza. Betri huzeeka, na joto huizeesha haraka zaidi, kwa hiyo rudia jaribio kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Tumelieleza Nyarugusu, tumelieleza Mwakitolyo, tumekwenda mpaka kwenye makarasha na mialo. Lakini tunapouliza nani amepima tochi yake, mikono haiinuki. Pimeni.

Betri inayotoka ina faida, unaweza kuwa na ya akiba. Ina hatari pia: kwenye vibanda vya kuchajisha simu, betri yako nzuri inaweza kurudi ikiwa nyingine. Iwekee alama isiyofutika.

Usichaji ndani ya turubai mnamolala. Usichaji juu ya godoro, wala juani, wala karibu na baruti na fataki. Betri ya lithiamu iliyovimba, iliyobonyea au inayopata moto bila kazi haichajiwi tena, wala haitobolewi kuona kuna nini ndani. Ikishika moto, kimbieni moshi wake.

Taa haipimi hewa

Mshumaa hufifia hewa inapopungua. Taa ya sasa haihitaji hewa. Itawaka vizuri kabisa juu ya mtu aliyekwisha kuzimia. Mashine ya petroli ya kuvuta maji ikiwashwa ndani ya duara hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na hata mshumaa usingekuonya. Mashine ikae juu, na baada ya kulipua baruti msishuke mpaka msimamizi aruhusu.

Mkifukiwa

Si taa inayoangusha duara, na hatudai kwamba taa mbili huzuia kifusi. Agosti 11, 2025, watu 25 walifukiwa Nyandolwa, wilayani Shinyanga, wakati wa ukarabati wa maduara. Lakini mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji 5 walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini, na Januari 2017 mkoani Geita 15 waliokolewa wote baada ya siku kadhaa. Kusubiri kunawezekana, na mwanga ni sehemu ya kusubiri. Kusanyeni taa zote, zimeni zote, bakizeni moja katika kiwango cha chini kabisa, na hata hiyo muiwashe kwa haja tu. Anayeshika taa awe mmoja. Mkisikia watu juu, pigeni mwamba kwa jiwe au nyundo, msipoteze chaji. Waliobaki juu wapige 114, Zimamoto na Uokoaji, kabla ya kuanza kuchimbua wenyewe.

Wajibu na malalamiko

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Mtanzania, kwa miaka 7, na mwenye leseni ndiye anayewajibika kwa usalama wa eneo lake. Masharti mengine yaulizeni kwa Afisa Madini Mkazi: Geita, Mbogwe, Kahama au Shinyanga.

Msimamizi wa duara ahesabu taa mdomoni mwa duara kabla ya kila zamu: mbili kwa kila mtu, zote ziwashwe mbele yake. Mwenye moja abaki juu.

Ukiuziwa tochi ya uongo, usiitupe. Peleka tochi, boksi, risiti na saa ulizopima kwa Shirika la Viwango, TBS, au kwa Tume ya Ushindani ikiwa unashuku ni bandia. Malalamiko ya mdomo tu, bila boksi wala risiti, hayafiki mbali.