Rupia ya Tembo na Ng'ombe wa Shemeji

Mdogo wangu wa Lukole, barua yako nimeisoma. Shemeji yako ameonyeshwa rupia ya dhahabu yenye tembo, anataka muuze ng'ombe muinunue, na dalali anasisitiza pesa ipatikane kabla ya Jumapili. Hiyo haraka yake ndiyo iliyoniamsha.

Sarafu yenyewe ipo kweli. Mwaka 1916, vita vilipowabana, Wajerumani walipiga sarafu za rupia 15 kwenye karakana ya reli pale Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke: 16,198 tu. Kwa kuwa ni chache na zinatafutwa, bandia zimejaa. Ya kweli ina gramu 7 na ushee. Ya shaba ya ukubwa uleule haifiki hata gramu 5. Nendeni Biharamulo kwa wanunuzi wa dhahabu, mizani wanayo. Dalali akikataa isipimwe, hata nauli msilipe.

Ila mie bandia kamili hainitishi sana. Naogopa ya kweli iliyoguswa. Zile rupia za fedha za miaka ya 1890, zenye Kaisari aliyevaa kofia ya tai, kuna zilizotobolewa ili zivaliwe shingoni. Mtu anaziba tundu kwa lehemu, anapiga msasa, anaipaka weusi ionekane ya kale. Iinamishe sarafu kwenye mwanga wa jua: palipozibwa rangi yake haifanani na kwingine, na herufi zilizopita hapo zimechongwa upya kwa mkono, hazina ukali wa herufi nyingine. Hata mwaka huchongwa, tarakimu moja tu, ili sarafu ya kawaida igeuke adimu. Chukua lenzi uangalie pembeni ya hiyo tarakimu kama pamebonyea. Wala usiutegemee sana mwaka ulioandikwa. Riale ya Maria Theresa ina 1780, lakini imeendelea kupigwa kwa mwaka huohuo hadi leo.

Kuziba tundu si dhambi, jamani. Wapo wanaonunua sarafu iliyozibwa, kwa bei yake. Tatizo ni muuzaji kunyamaza. Mwambieni aandike kwenye risiti, kwa jina lake: uzito, ni madini gani, ilizibwa au haikuzibwa, ilisafishwa au la, na kwamba atarudisha pesa yote ikibainika alidanganya. Mwenye bidhaa safi ataandika. Wengine, wakiona kalamu, ghafla wanakumbuka wana msiba Ngara mjini.

Na mkilima mkaokota sarafu kongwe zaidi, ya kabla ya 1863, hiyo inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Toeni taarifa serikalini, msianze kutafuta mteja.

Halafu umeniuliza kwa aibu kama ni kweli rupia halisi huvuta mchele. Mwambie dalali aivutishe debe moja hapohapo, mpike mle, kisha mrudi nyumbani na ng'ombe wenu.